Mimba ya Miezi Miwili Ipelekwe Kliniki

Watu wa Garsen, Idsowe, Wema, Ngao na Tarasaa, nanyi wafugaji mlio mbali na barabara: wake zetu na binti zetu wanafika kliniki wamechelewa. Mimba changa tunaificha kwa kuogopa jicho la hasidi, kwa haya, au kwa kuwa pesa za boda hazipo. Ikija kuonekana ni mwezi wa tano au wa sita, na kazi kubwa ya kondo la nyuma imeshafanyika, vyema au vibaya.

Kondo ndilo linalomfikishia mtoto chakula na hewa kutoka kwenye damu ya mama. Wiki za mwanzo hujipenyeza katika ukuta wa mji wa mimba na kuipanua mishipa myembamba ya damu, kama mkulima wa mpunga anavyopanua mfereji ili maji ya Tana yafike shambani. Mishipa isipopanuka, mimba huweza kuharibika. Au itaendelea kwa taabu: mtoto anadumaa tumboni, presha ya mama inapanda baada ya wiki ya 20, na wengine huishia kupata kifafa cha mimba. Tunayaona hayo mwishoni, tukadhani yameanza jana.

Kisha kuna malaria yetu ya kila msimu. Vimelea hujibanza ndani ya kondo na kuizuia damu isimfikie mtoto vizuri, na mama huenda asihisi homa yoyote. Hata damu ya kidoleni huweza isivionyeshe. Ndiyo sababu pwani na kando ya ziwa mjamzito hupewa vidonge vya SP vya kukinga malaria kuanzia wiki ya 13, si chini ya mara tatu, mwezi baina ya dozi na dozi. Anayekuja mwezi wa nane atazipata lini? Shirika la Afya Duniani linataka mama aonwe mara ya kwanza kabla wiki 12 hazijapita. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba, au mwenye presha ya siku nyingi, huweza kuandikiwa aspirini ya kiwango kidogo, nayo hufaa ikianzwa mapema. Aandikiwe na daktari. Asiinunue dukani kwa kukisia.

Simlaumu anayeficha. Siri yake tuilinde, ila aende. Mwaka 2023 serikali iliwakabidhi wahamasishaji wa afya ya jamii vifaa vyao, mashine ya kupimia presha ikiwemo. Wa kijiji chako akaribishwe ndani kimyakimya. Nanyi akina mama wakwe, kauli yenu ina uzito kuliko redio: mwambieni mkamwana aende mwezi huu, na mume atoe nauli.

Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yalikata barabara na kuvifanya vijiji visiwa. Mwenye mimba ya miezi miwili anayetokwa damu huku tumbo likimkata hawezi kungoja maji yapwe. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa haki ya afya ya uzazi, na kinakataza yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Basi kaunti inapoita wananchi watoe maoni ya bajeti, kabla haijapitishwa mwezi wa Juni, tujae ukumbini: Wapokomo, Waorma, Wardei, Wata. Tudai boti ya wagonjwa, kipimo cha wingi wa damu katika kila zahanati, na SP isiyokatika. Mwaka 2012 tuliuana kwa ajili ya maji na malisho. Hili tunaweza kulidai pamoja.

Lakini damu ya kumwongezea mama anayevuja haitoki kwenye bajeti. Mwanamume mwenye afya njema aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke minne. Mkapimwe mjue makundi yenu sasa, kabla hajatafutwa mtu usiku. Vijana wa boda, anzeni nyinyi: andikeni orodha ya walio tayari kutoa damu na walio tayari kubeba mgonjwa saa yoyote, majina na nambari za simu, muibandike kwenye mlango wa zahanati wiki hii.