Shampinyo ya Miguu Si Haya, Ni Jambo la Usalama



Mfanyakazi akiangukiwa na jiwe mguuni, kapita anaandika ripoti na mgonjwa anapelekwa kwa munganga siku ile ile. Lakini akiwashwa katikati ya vidole mwezi mzima, anajikuna kwa siri na kunyamaza. Anaona haya, maana wenzake watamcheka ya kuwa miguu yake inanuka. Mimi nasema tunakosea. Shampinyo ya miguu ni jambo la usalama kazini, sawasawa na kofia ngumu.

Inatoka wapi? Shampinyo ni kuvu, na kuvu inapenda joto, maji na giza. Buti la mpira lina vyote vitatu. Mguu unakaa ndani saa nane, na jasho halina pa kutokea. Kisha zamu nzima inaoga pekupeku kwenye sakafu moja. Ngozi ya mgonjwa inabanduka, mwenzake anaikanyaga. Basi si uchafu wa mtu mmoja. Ni ugonjwa tunaoambukizana.

Mara nyingi inaanza karibu na kidole kidogo. Ngozi inakuwa nyeupe, inalainika, inapasuka. Hapo ndipo hatari: katika ule ufa vijidudu vingine vinaingia, mguu unavimba na kuwaka moto, homa inapanda, na mtu analala hospitali. Mwenye ugonjwa wa sukari anaweza hata kukatwa mguu.

Dawa iko. Pomade ya klotrimazole ao ya terbinafine inaponyesha ngozi, lakini lazima kuwa na uvumilivu. Wengi wanaacha siku mwasho unapokoma, na kuvu ingali hai. Klotrimazole inataka wiki nne hivi, hata kama ngozi imekwisha kupendeza. Kucha iliyokuwa nene na ya manjano ni jambo lingine: pomade haipenyi vizuri. Munganga ataipima, na pengine atatoa vidonge vya miezi mitatu hivi, akichunguza pia ini. Kucha mpya ya kidole gumba inakua polepole, mwaka mmoja ao zaidi. Usikate tamaa.

Usipake petroli wala maji ya betri, vinachoma ngozi. Na usichukue pomade ya bibi ya kung'arisha ngozi. Nyingi zina dawa inayotuliza mwasho huku kuvu ikienea.

Nyumbani, kila mtu awe na kitambaa chake cha kujipangusia na wembe wake wa kucha. Soseti zioshwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Baba akitoka kuoga, ajipanguse vizuri kati ya vidole, maana hapo ndipo maji yanapobaki. Katika bafu la kazini, avae sandali za mpira.

Lakini tusimwachie mfanyakazi mzigo wote. Wakati wa mvua, mtu mwenye jozi moja ya mabuti atayakausha wapi kabla ya zamu ya kesho? Kwa maoni yangu, mahali pa kazi penye maji panataka jozi mbili za mabuti kwa kila mtu, pahali pa kuyakaushia, na sakafu ya bafu inayosuguliwa kila siku. Mabuti ya mtu asipewe mwingine bila kusafishwa. Gharama yake ni ndogo kuliko siku za kazi zinazopotea kwa mguu uliovimba.

Na wewe kapita, katika mazungumzo ya usalama kabla ya zamu, uliza juu ya miguu kama unavyouliza juu ya kofia. Ukiuliza bila kucheka, mgonjwa atasema mapema, wakati pomade bado inatosha.

Ndugu, leo jioni vua soseti, keti penye mwanga, tazama katikati ya vidole vyako. Ukiona ngozi nyeupe iliyopasuka, kesho nenda dispansere. Miguu hiyo ndiyo inayokupeleka kazini na kukurudisha kwa watoto wako.