Kijiji Kilichozama Kwenye Chai

Acheni kutuambia tusahau.

Ukisimama Boito, kule Konoin, unaona chai imepanda vilima na kushuka mabondeni hadi macho yanachoka. Vijana wa Nairobi huja wikendi, wanapiga picha na kurudi mjini. Picha ni kali, sikatai. Lakini mashamba makubwa ya Kericho na Bomet yalikatwa kwenye ardhi ya Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalum ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wao wa kiroho. Takriban watu 700 walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye malaria na mbung'o.

Kule Tennessee, Marekani, kijiji cha Wacherokee kiitwacho Tanasi kilifunikwa na maji ya bwawa la Tellico mwaka 1979. Jimbo zima lilipata jina kutoka kwa kijiji hicho. Angalau kando ya maji kuna jiwe la kumbukumbu. Sisi hatuna hata kisingizio cha maji. Ardhi yetu ni kavu na kila ekari imepimwa.

Imepimwa, na inauzwa. Mwaka 2022 Unilever iliuzia kampuni ya CVC biashara yake ya chai. Mwaka uliofuata Finlays ikakubali kuiuzia Browns ya Sri Lanka mashamba yake ya Kenya. Wenyeji wakatengewa asilimia 15 ya hisa. Si kurudishiwa, jameni. Kuuziwa!

Mtasema hayo ni ya zamani. Haya, tuhesabu. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999. Katiba yetu ya 2010 ndiyo iliyoishusha hadi 99 kwa wasio raia. Mtu aliyejiandikia karibu miaka elfu moja hawezi kumwambia aliyefukuzwa kwamba miaka tisini ni mingi.

Mtasema pia chai inalisha watu. Kweli, inatulisha. Hakuna aliyesema ing'olewe. Tunachodai ni majina ya boma zilizofukuzwa yaandikwe mahali zilipokuwa, historia hiyo ifundishwe shuleni Konoin, na kabla shamba halijauzwa tena, wenye ardhi waketi mezani kama wenyewe, si kama wateja.

Maji ya Tellico hayawezi kuulizwa. Mwenye shamba la chai anaweza. Tumuulize.