Shokola ya Mutwanga

Safari hii twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kitamu, ingawa chanzo chake si kitamu chote.

Ilikuwa mwaka 2021, kabla vita havijaifikia tena Rumangabo. Tulikuwa tukizunguka penye meza za vyakula zilizopangwa kando ya njia iendayo Rutshuru: maharagwe ya kila rangi, viazi, asali, jibini za Masisi. Kwenye meza ya mwisho alikaa mama mmoja mwenye vipande vidogo vyeusi katika sahani. Sisi tulidhani ni sukari iliyoungua. Twaungama kosa letu.

«Ni shokola,» akasema.

«Ya Ulaya?»

Akaigeuza karatasi yake, akatuonyesha jina: Mutwanga.

Wenye kuujua upande wa Beni waujua mji huo mdogo chini ya milima ya Ruwenzori. Kakao yalimwa huko tangu zamani, lakini punje zake zilikuwa zikitoka nchini zikiwa kavu tu, nyingi kwa njia za magendo kupitia Uganda. Hata Kodivaa na Ghana, zitoazo zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia, sehemu kubwa ya shokola ya kakao yao hutengenezwa mbali.

Kwa nini basi isitengenezwe kwetu? Wengi husema ni ujinga. Si kweli. Kwanza ni umeme. Punje hutolewa katika tunda, huachwa zichache siku tano au zaidi, hugeuzwa, huanikwa. Hayo mkulima ayaweza kwa mikono yake. Lakini zikiisha kukaangwa na kumenywa, yapasa kuzisaga saa nyingi mfululizo, na kuulinda uji wake usipoe wala kuungua. Mashine ikizimika katikati, kazi imeharibika. Mutwanga ilipata umeme wa maji mwaka 2013, kwa kazi ya Hifadhi ya Virunga, ambayo makao yake makuu yalikuwa hapo hapo Rumangabo. Kiwanda kikafuata. Dominique Persoone, fundi wa shokola kutoka Ubelgiji, ni mmoja wa waliosaidia.

Kakao hiyo hulimwa bila mbolea wala dawa za viwandani. Tusijisifu mno: wakulima wengi wa kwetu hawatumii dawa kwa sababu hawana fedha za kuzinunua! Lakini mnunuzi wa mbali hataki maneno matupu; ataka cheti, na cheti chataka wakaguzi, daftari na gharama. Mkulima aliye peke yake hakipati. Walio katika chama cha ushirika huweza.

Tena iko hatari nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 12,000 kwa tani, kisha ikashuka sana. Huko Beni bei nzuri si baraka tupu, maana wenye silaha nao hujua majira ya mavuno. Watu wameuawa mashambani mwao, na wengine wamekimbia wakaiacha kakao ikiiva mitini, ikachumwa na wasioipanda.

Mmoja wa waliokimbia alisimama nyuma yetu siku ile. Alikuwa mzee mwenye kofia, mlimaji wa kakao kwa miaka mingi, naye hakuwa ameonja shokola hata mara moja.

«Onja, Papa,» mama akamwambia.

Mzee akaweka kipande ulimini, akafumba macho. Alinyamaza mpaka tukadhani hakikumpendeza. Kisha akauliza, «Kumbe ndiyo hii waliyokuwa wakiifuata?»

Hatukuwa na jibu. Akaomba bei ya kipande kizima. Alipoisikia alicheka, akaanza kuondoka. Kwa kweli ilizidi kipato chake cha siku nzima, na hata sisi tulisita. Mama akamwita, akampa vipande viwili vya sahani bure, kwa ajili ya mjukuu wake. Mzee akavitia katika mfuko wa shati.

«Siyo humo, Papa! Vitayeyuka kabla hujafika.»

Akakata kipande cha jani la mgomba lililofunika jibini ya jirani, akavifunga vizuri, na mzee akavichukua kwa mikono miwili.