Chokaa ipo, mchoreeni na yeye mstari

Siku ya michezo shuleni, tazama chini ya mwembe. Wenzake wako uwanjani wanapasha misuli, yeye yuko kwenye kiti mwendo chake, amekabidhiwa kulinda viatu na madaftari. Ukimuuliza mwalimu, atakujibu kwa upole: huyu hawezi, tutamuumiza. Hawezi nini? Asubuhi hiyo hiyo mtoto amejisukuma kwa mikono kwenye kichanga cha Igalula, huku Tabora, kile ambacho mwenye baiskeli hushuka akaikokota. Aliyefika shuleni kwa namna hiyo ameshafanya mazoezi. Wenzake ndio kwanza wanaanza.

Tuache kuzungumzia mbio za viti mwendo kama huruma. Kelvin Kiptum wa Kenya, Mungu amrehemu, alikimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, na dunia nzima ikasimama. Marcel Hug wa Uswisi alikuwa ameshaumaliza umbali huo huo akiwa kwenye kiti, kule Oita nchini Japani mwaka 2021, kwa saa 1, dakika 17 na sekunde 47. Yaani Kiptum angefika, Hug ameshaoga na kunywa chai. Ni kweli kiti kina magurudumu, lakini hakina injini. Kinachokisukuma ni mabega, mgongo na ukaidi.

Na mabega, jamani, tusifundishwe na mtu. Njia hii ya misafara ya Tabora ilijulikana mpaka Pwani kwa mabega ya Wanyamwezi, waliobeba frasila mbili za pembe kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo kwa miguu. Haiwezekani watu waliojengewa sifa na mabega yao washindwe kuona mchezo wa mabega unapopita mbele ya macho yao, mlangoni mwa darasa la nne.

Kati ya wakimbiaji wa viti, tumwangalie Anne Wafula Strike, maana ndiye aliye karibu nasi. Alizaliwa mwaka 1969 kijijini Mihuu, upande wa Bungoma, Kenya. Polio ilimkamata akiwa na miaka miwili na nusu, na majirani, kama kawaida yetu, wakaona uchawi badala ya ugonjwa. Baba yake hakukubaliana nao. Binti akapelekwa Joytown, Thika, shule ya watoto wenye ulemavu, akasoma hadi Chuo Kikuu cha Moi, akawa mwalimu wa chuo cha ufundi Machakos. Mwaka 2000 akahamia Uingereza na mumewe, na ilipofika mwaka 2002 ndipo akaanza mbio za kiti mwendo. Alikuwa ameshavuka miaka 30.

Rudia kusoma hapo. Binti amekulia Kenya, nchi ambayo mtoto akikimbia kwenda dukani watu wanashika saa. Amepita shule nzuri, amepata digrii, amefundisha. Katika miaka yote hiyo, kiti cha mbio hakikumfikia mpaka alipovuka bahari. Miaka miwili baada ya kuanza, alikuwa Athens kwenye Paralimpiki ya 2004, amevaa rangi za Kenya. Hakurudi na medali, na tusimlaumu: anayeanza kulima saa nane mchana asiulizwe kwa nini palizi haijaisha. Baadaye akachukua uraia wa Uingereza, akakimbia kwa jina la nchi hiyo, na mwaka 2014 akapewa nishani ya MBE. Shamba letu, ghala la wengine.

Sasa visingizio. Cha kwanza kila siku ni bei. Kiti cha mbio ni ghali, hilo hatubishi. Ni chombo kirefu chenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma yaliyolala upande, chepesi kuliko baiskeli nyingi, na hununuliwa kwa mamilioni ya shilingi. Lakini nani amesema mtoto wa darasa la nne aanze na hicho? Mbio za viti zilipoingia Paralimpiki, Tokyo mwaka 1964, zilikuwa za mita 60 tu, kwa viti vya kawaida vya kila siku. Mita 60 ni kutoka ofisi ya mwalimu mkuu hadi kwenye mti wa kengele. Mnangoja nini?

Waandaaji wa marathoni ya Boston, Marekani, nao hawakujenga kitu. Mwaka 1975 kijana mmoja aliyepata polio utotoni, Bob Hall, aliomba kushiriki marathoni yao kwa kiti. Wakamwambia, ukimaliza chini ya saa 3 tutakupa cheti kama wengine. Akamaliza kwa saa 2 na dakika 58, wakampa. Leo marathoni nyingi kubwa duniani zina mbio za viti. Gharama ya kuanzisha ilikuwa karatasi moja na mtu mmoja kukubali.

Kisingizio cha pili kina ukweli ndani yake: kiti chenyewe hakiendi. Hapa tuseme wazi. Viti vingi tunavyogawa ni vya kwenye korido ya hospitali. Vina vigurudumu viwili vidogo mbele, kama toroli la supamaketi, na kwenye mchanga vinazama palepale. Mara nyingi mtoto wa miaka tisa hupewa kiti cha mtu mzima, akapotelea humo kama mchi kwenye pipa, na mgongo unapinda. Mwalimu anayeogopa mbio zitamuumiza mtoto amekosea mtuhumiwa. Kinachomuumiza ni kiti kisichomtosha na kukaa saa nane bila mto, mpaka vidonda vikatoka.

Halafu ile sherehe! Turubai, mgeni rasmi, viti vimepangwa vikiwa bado na nailoni, picha, makofi. Miezi mitatu baadaye tairi limepasuka, la saizi isiyouzwa popote kuanzia hapa mpaka Tabora mjini, na kiti kimegeuka kiota cha kuku. Aliyekitoa hakuuliza swali ambalo mnunuzi yeyote wa baiskeli huuliza kabla ya kutoa hela: spea zinapatikana?

Dawa yake inajulikana. Kwenye ardhi kama yetu hutakiwa kiti chenye gurudumu moja kubwa mbele, kirefu kidogo, chenye matairi ya nyuma ya baiskeli. Kinapita mchangani, na kwa umbo hakiko mbali na hicho cha akina Hug. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha mafundi wa viti mwendo, hivyo ujuzi wa kumpima mtoto na kumtengenezea kiti umo nchini. Na kwetu hakuna kijiji kisicho na fundi baiskeli. Tyubu, spoki, golori, kiraka, vyote anavyo kwenye kopo lake chini ya mti. Mleteeni kiti kinachotumia vitu hivyo, mtoto hatakosa shule kwa sababu ya pancha.

Fedha? Kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Uyui yetu si halmashauri isiyokusanya ushuru. Tumbaku inapimwa kila msimu. Kikundi cha vijana wenye ulemavu wanaojua kuchomelea kikikopeshwa kifungue karakana ya viti, deni litalipika, maana wateja hawatakosekana. Polio tumeirudisha nyuma, lakini bodaboda zinavunja migongo kila wiki, na miembe hii hii ya njia ya misafara bado inaangusha watu kila embe zikiiva.

Karakana itachukua muda, tunaelewa. Mstari hauchukui muda. Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, huanzia shuleni na kwenye kata kabla ya kupanda juu, na Tabora imeshakuwa mwenyeji wa fainali za kitaifa, hivyo hakuna anayeweza kusema hayajui. Ratiba ya siku ya michezo ina mita 100, mita 200, kupokezana vijiti, kuvuta kamba. Iongezwe mita 60 kwa viti. Kama shule ina mtoto mmoja, aletwe na wa shule ya jirani. Kama ni wawili tu kata nzima, wawili wanatosha kushindana, na muda wao uandikwe kwenye daftari kama wa wengine wote, tena kwa kalamu, ili mwakani ijulikane nani ameongeza kasi.

Uwanja ni wa mchanga? Chagueni ile sehemu magari yanapopita, ardhi imeshakanyagwa ikawa ngumu. Wiki moja kabla, watoto wang'oe visiki na wafukie mashimo. Hilo ni zoezi la asubuhi moja, wanalifanya kila akija mkaguzi. Chokaa iliyobaki baada ya kuchora uwanja wa mpira iko stoo. Ikiwa imekwisha, majivu ya jikoni yanafaa.

Na viatu vya wenzake? Vikae chini ya mwembe peke yavyo. Vikiibwa, tutachangishana.