Paka Mzee Anapoacha Kuruka

Mwezi huu kwenye ukurasa wa nyumbani tunaongea habari za paka, na asicheke mtu. Anayelala chumba kimoja na gunia la mgawo anajua kwamba bila paka, panya wanakula kabla ya watoto.

Kwetu tuna paka jike, umri wake kama miaka 12. Zamani alikuwa anaruka mara moja tu kutoka chini hadi juu ya ukuta, pale miti ya paa inapolala. Siku moja tukamwona anapanda kwanza kwenye dumu la maji, anasimama, anapima, ndipo anapanda. Baadaye akaacha kabisa. Tukasema eti amekuwa mvivu. Mmoja wetu akataka apelekwe mbali, tutafute mwingine. Kumbe viungo vilikuwa vinamuuma.

Shida ya paka ni kwamba anaficha. Mbwa akiumwa mguu utamwona anachechemea. Paka mara nyingi anaumwa pande zote mbili, viwiko vyote au nyonga zote, kwa hiyo hachechemei, wala halii. Anapunguza mambo tu, kidogo kidogo. Mwaka 2002 madaktari wa wanyama huko Marekani walitoa matokeo ya picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12: 90 kati yao walikuwa na viungo vilivyoharibika. Lakini picha haionyeshi maumivu. Anayeyaona ni yule anayekaa naye.

Basi mtazameni. Akitaka kupanda, anasita? Akishuka, anaruka, au ananyoosha mikono mpaka karibu na chini ndipo anajiachia? Watoto wakivuta kamba, anaikimbilia bado? Mwangalieni na mgongo: manyoya yakishikana karibu na mkia, pengine hawezi tena kujigeuza ajilambe. Makucha yanakuwa marefu, yanakwama kwenye mkeka. Wengine wanaanza kujisaidia ndani. Ukimgusa kiunoni anataka kuuma, yeye aliyekuwa mpole. Mlinganishe na alivyokuwa mwaka jana, siyo na paka wa jirani. Waulizeni watoto, wao wanakumbuka vizuri kuliko sisi.

Hapa tunaomba msikilize sana. Jirani yetu, mama mwema, alituletea nusu kidonge cha parasetamoli. Tulimshukuru, tukamrudishia. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya kahawia au bluu, uso unavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, na nusu siyo salama. Diklofenaki na ibuprofeni vilevile, msimpe. Dawa za paka zipo, ila zinapimwa kwa uzito wake, na figo zake zinaangaliwa kwanza. Bwana mifugo akipita, muulizeni yeye.

Sisi tulimwekea matofali mawili kama ngazi, blanketi kuukuu karibu na jiko, chakula na maji pale pale anapolala. Tunamchana mgongo, tunamkata ncha za makucha. Kazi ya panya sasa anaifanya paka mdogo tuliyepewa kijiji cha pili. Bibi yake anapanda matofali polepole, analala juu ya gunia.