Kabla ya Kumlaumu Mtoto, Zima Taa

Mwezi huu tunazungumza juu ya redio inayokwaruza, nasi tutaanza na kosa letu wenyewe.

Nyumbani kwetu anaishi Bibi, mama yake baba watoto. Macho yake yamefifia, kwa hiyo redio ndiyo gazeti lake. Kila jioni husikiliza taarifa ya habari katika masafa ya kati. Siku moja redio hiyo ikaanza kukoroma hata maneno yasisikike. Mchana ilikuwa nzima, lakini giza likiingia tu, inakwaruza. Kijana wetu wa miaka 12 alikuwa na tabia ya kufungua fungua vitu, basi tukasema ni yeye. Akakana. Tukamwadhibu kwa kuharibu na tena kwa kusema uongo. Redio tukaipeleka kwa fundi mara mbili. Mara zote mbili alituambia ni nzima, na mara zote mbili tukalipa.

Ni Bibi aliyetufumbua macho. "Wanangu," alisema, "mbona huanza mkiwasha taa?" Tukazima ile balbu mpya ya LED ya sebuleni, tuliyoinunua kwa bei ya chini. Redio ikatulia papo hapo. Tukaiwasha, ikakoroma tena.

Sababu ni hii. Ndani ya kitako cha balbu ya LED mna saketi ndogo inayobadilisha umeme wa ukutani ili uifae taa. Mara nyingi saketi hiyo hufanya kazi kwa kukata na kuunga umeme maelfu mengi ya mara kwa sekunde. Mkato huo hutoa mawimbi yanayosambaa hewani na kupita katika nyaya za nyumba. Balbu iliyotengenezwa vizuri ina kichujio cha kuyazuia, ila katika zile za bei rahisi kichujio huweza kuwa duni au kukosekana. Chaja za simu nazo ni vivyo hivyo. Masafa ya kati ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa hubeba sauti kwa kupandisha na kushusha nguvu ya wimbi, na makelele hufanya hivyo hivyo. FM hubeba sauti kwa njia nyingine, kwa hiyo husumbuliwa kidogo.

Redio yako ikianza kukoroma, mama, fanya hivi kabla ya kwenda kwa fundi:

1. Itie betri, uchomoe waya wake wa umeme. Kelele zikiisha, huenda zilikuwa zikipitia kwenye waya huo.

2. Zikiendelea, mtu mzima azime swichi kuu ya nyumba. Kelele zikikoma, mkosaji yumo ndani. Zisipokoma, huenda zinatoka kwa jirani au kwenye nyaya za barabarani. Za barabarani usiziguse kamwe. Toa taarifa kwa shirika la umeme.

3. Mkosaji akiwa ndani, rudisha umeme, kisha zima taa na uchomoe chaja, televisheni na vinginevyo, kimoja kimoja, huku ukisikiliza. Usizime viwili kwa pamoja, maana hutajua ni kipi.

4. Ukishampata, sogeza redio mbali naye. Hata mita moja au mbili huweza kutosha. Pia izungushe taratibu, kwa kuwa erio ya ndani ya masafa ya kati hupokea vizuri upande mmoja kuliko mwingine. Isipofaa, badili balbu au chaja hiyo. Usiifungue.

Jambo moja si la redio tu. Kama nyumbani kuna mtu aliyepandikizwa kifuani kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, simu ya mkononi isikae katika mfuko wa shati ulio juu ya kifaa hicho. Wataalamu hushauri iwe mbali nacho angalau sentimita 15, na aongee kwa sikio la upande wa pili. Kifaa kile nacho husikiliza ishara ndogo za umeme, zile za moyo, na kikivurugwa hasara yake si ya kukosa habari.

Sisi tulinunua balbu nyingine, na Bibi anasikia taarifa yake. Lakini kazi ngumu ilikuwa kumwita yule kijana na kumwomba radhi mbele ya wadogo zake waliomwona akiadhibiwa. Alitusikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kupewa ile balbu mbovu aichunguze. Tulimkatalia kuichomeka, lakini tulimpa.

Tukutane mwezi ujao.