Nywila ya afisa isiwe mali ya afisi nzima

MZEE wa Kyuso aliyesajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hutegemea Sh2,000 kwa mwezi kutoka kwa Serikali. Fedha hizo hazitokani tena na daftari la chifu. Zinategemea jina lake kuwemo katika sajili ya tarakilishi ambayo hutumiwa na maafisa wengi, kuanzia mashinani hadi Nairobi. Jina hilo likifutwa au nambari ya kitambulisho ikigeuzwa, swali la kwanza ni moja tu: nani amefanya hivyo?

Swali hilo halitajibika iwapo nywila ya afisa mmoja, yaani neno lake la siri, inajulikana na afisi nzima.

Taifa limewahi kuonja machungu ya uzembe huu. Katika kashfa ya Sh791 milioni ya Shirika la Vijana kwa Huduma ya Taifa (NYS) mwaka wa 2015, afisa mmoja wa ngazi ya juu alidai kwamba nywila yake katika mfumo wa malipo wa IFMIS ilitumiwa na watu wengine kuidhinisha malipo. Awe alisema kweli au la, madai hayo yaliwezekana kwa sababu mfumo humtambua mwenye nywila, haumtambui aliyeketi mbele ya tarakilishi.

Miaka miwili baadaye suala hilo lilifika katika Mahakama ya Juu. Mnamo Agosti 28, 2017, majaji waliiagiza Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) itoe, miongoni mwa mengine, sera yake ya nywila, majina ya wanaomiliki nywila za usimamizi, na orodha ya watumiaji pamoja na viwango vyao vya ruhusa. Tume haikutii agizo hilo kikamilifu, na mahakama ikauchukulia ukaidi huo kuwa hoja dhidi yake ilipobatilisha uchaguzi wa urais mnamo Septemba 1. Kura za Kyuso zilikuwa zimepitia mfumo uo huo.

Dawa yenyewe si ghali. Kila mtumishi awe na akaunti yake, na ruhusa zilingane na kazi yake: karani aingize habari, msimamizi aidhinishe, mkaguzi asome tu bila uwezo wa kubadilisha chochote. Asiwepo mtu anayeweza kuanzisha malipo na kuyaidhinisha yeye mwenyewe. Kumbukumbu za nani aliingia, lini, na alibadilisha nini, zihifadhiwe mahali ambapo hata fundi wa mfumo hawezi kuzifuta. Afisa akihamishwa au kustaafu, akaunti yake ifungwe siku iyo hiyo.

Kuhusu nywila zenyewe, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri mwaka wa 2017 kwamba watumiaji wasilazimishwe kuzibadilisha kila mara bila sababu, kwa kuwa huishia kuongeza tarakimu moja mwishoni au kuziandika kwenye karatasi. Heri nywila ndefu, ikisaidiwa na nambari ya mara moja inayotumwa kwa simu.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya ni ya Nairobi, na kwamba afisi ya mashambani yenye makarani wawili itakwama mmoja wao akienda likizo. Hoja hiyo ina uzito, kwani mwananchi aliyetembea kutwa hawezi kuambiwa arudi wiki ijayo. Hata hivyo, suluhu ni kumpa kaimu akaunti ya muda yenye jina lake na tarehe ya kumalizika. Kumwachia nywila ni sawa na kumwachia hundi iliyotiwa sahihi bila kiasi.

Sheria nazo zipo. Sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018 inamtoza anayefichua nywila kimakusudi bila idhini faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ile ya kulinda data ya 2019 inaitaka taasisi kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 habari za watu zikivamiwa na kuwatia hatarini.

Kinachokosekana ni mazoea ya kuuliza. Wakaguzi na madiwani wanapozuru afisi za umma, waitishe orodha ya watumiaji wa mfumo kabla ya kuitisha stakabadhi za malipo. Afisi isiyoweza kutaja ni nani mwenye ruhusa ya kubadilisha jina la mkongwe haifai kukabidhiwa jina hilo.